Safari ya Kumpima Majid

"Analia," alisema Nasr, huku akiondoa miba kwenye kipande cha nguru. "Mwanamme mzima na ndevu zake, anateremka mlima huku analia."

Lujain aliacha kula. Mama yake, Bi Nunu, alimkata jicho mumewe amwonee huruma mtoto, lakini Nasr hakuwa na huruma na mtu tangu aliporudi juzi kutoka Nepal. Alikuwa kaegemea mito, midomo imembabuka kwa baridi, na kila alichokitaja alikitaja kwa kukunja pua.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa elfu mbili na tano. Baada ya Alasiri wazee wa Majid walitarajiwa kuja hapo nyumbani, Bawshar, Oman, kuleta posa ya Lujain. Mpaka chakula kinaandaliwa, Nasr alikuwa hajasema ndiyo wala siyo.

Safari yenyewe ilikuwa fikra yake. Alikuwa afisa wa jeshi mstaafu, majabali ya Oman kayapanda karibu yote, na huyu Majid, mwalimu wa hesabu, hakumpendeza tangu siku ya kwanza. Mwembamba, mpole, anacheka na kila mtu. "Unamtaka binti yangu?" alimwambia. "Basi twende tukatembee kwa Masherpa, watu wa milimani kule Nepal. Nataka nikuone ukiwa na baridi na njaa." Njia ilikuwa ya kupanda kutoka kijiji hadi kijiji, mpaka kwenye kilele kidogo ambapo mtu husimama akautazama mlima Everest.

Waliporudi, Lujain alimpigia simu Majid kumuuliza mambo yalikwendaje. Majid alimjibu neno moja tu: "Muulize Baba."

"Hebu anza mwanzo," alisema Bi Nunu.

"Mwanzo ni chai. Kule kila kijiji kina nyumba za chai. Unakunywa, unakula, unalala, asubuhi unashika njia. Mtu wa maana anapumzika kidogo, anakwenda zake. Huyu hapiti mlango! Anaingia mpaka jikoni kwa mabibi wa Kisherpa, anamenya nao viazi, anawauliza watoto hawajambo. Kaenda kupanda mlima au kutafuta mashoga wa kupiga nao soga?"

"Kuna ubaya gani, Baba?" aliuliza Lujain.

"Ubaya kunifanya mie mtoto mdogo. 'Baba, kunywa maji. Baba, twende polepole, huku juu hewa ndogo. Baba, kichwa hakikuumi?' Njia nzima! Mie niliyelala mapangoni vitani Dhofar yeye hajazaliwa. Nikamwambia, funga mdomo, tembea."

Alitafuna taratibu, akameza.

"Tukafika kijiji cha mwisho. Asubuhi mbingu safi, kilele kile pale, unakiona. Watu wote wanapanda. Kuna kibibi cha Kijerumani na fimbo zake mbili, nacho kinapanda. Na Majid wako? Kageuka. Karudi chini!"

"Karudi?" Bi Nunu hakuamini.

"Mbio. Zile nyumba za chai alizokuwa hawezi kuzipita, sasa anazipita kama hajapata kuziona. Mashoga zake wanatoka milangoni, wanamwita, hageuki. Anatweta kama punda. Jasho linamchuruzika kisogoni, masikio mekundu, na kile kishingo chake cha kuku. Anajikwaa, anapiga magoti, anainuka, anajikwaa tena. Na kulia! Anamwomba Mungu kwa sauti, mpaka mie nikaona haya mbele za watu."

"Labda alikuwa anaumwa," alisema Lujain taratibu.

"Haumwi hata ukucha."

Kiyoyozi kiliendelea kunguruma. Lujain alilitazama sinia la wali lakini hakuuona wali. Kwa ajili ya Majid alikuwa amegombana na shangazi zake. Alimkataa binamu yake mwenye cheo wizarani, akawaambia watu wazima usoni kwamba mtu hapimwi kwa wembamba wake. Sasa mtu mwenyewe ndiye huyo, kafika mlangoni akakimbia huku analia, na kibibi cha watu kinampita.

Bi Nunu alinawa mikono, akaenda kwenye simu.

"Nnampigia Bi Khole," alisema. Bi Khole ni mama yake Majid. "Nimwambie wasije. Kuliko kuwaweka watu kitako hapa, uwakunjie uso, uwarudishe na posa yao."

Alisita, akamgeukia bintiye. Moyoni alitaka Lujain apige kelele, agombe, aseme chochote.

"Mpigie, Mama," alisema Lujain. Na sauti yake ilifanana sana na ya baba yake.

Bi Nunu akaanza kubonyeza namba. Hasira zilikuwa zimempanda, na hakujua amtolee nani, akamtolea mumewe.

"Na wewe bingwa uliyefika juu, Baba Lujain, hebu tuambie. Huo mlima mliouendea ukoje?"

Nasr alikunywa maji, akaiweka gilasi chini.

"Iweke simu hiyo," alisema. "Nani kafika juu? Kutoka kijiji cha mwisho mpaka kwa daktari, mie nlikuwa mgongoni kwake."