Kadi Iliyolemewa

Mzee alikuwa ndio ameanza kueleza alikomzika mwanawe mwaka ule wa vita, wakati taa ya onyo ilipowaka kwenye rekoda ya Cheptanui. Stesheni ya televisheni iliyomtuma huku mtaa wa Section 58 kama mwanahabari ilitaka video ya ubora wa juu kabisa. Rekoda mpya iliiweza, lakini kadi yake ya zamani ya kuhifadhi video ilikuwa imelemewa.

Angeweza kumwomba mzee angoje kidogo, yeye apunguze ubora wa video, kisha waanze upya. Lakini binti ya mzee alikuwa amemwonya mlangoni: "Hii stori hajawahi kutuambia hata sisi. Ukimkatiza, hataiongea tena."

"Ni nyuma ya boma ya ng'ombe," mzee alisema, akikunja vidole vyake vilivyokakamaa. "Nilichimba na hii mikono."

Skrini ikaandika kwamba kurekodi kumesimama. Cheptanui hakuigusa. Alimtazama mzee usoni, akasikiliza kila neno hadi mwisho.

"Umeshika yote, msichana wangu?"

"Nimeshika, mzee."

Mlango ukafunguka. Binti yake aliingia, macho yamemwiva kwa kulia, akavuta kiti karibu na rekoda.

"Tafadhali," alisema, "nionyeshe hiyo video."