Kamishna Namba Kumi na Saba

Pini nyekundu ilichomolewa katikati ya ramani ikaenda kuchomekwa kaskazini kabisa. Mpanga ratiba wa ligi daraja la tatu akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. Kwa pini moja tu alikuwa amemfukuza mwanamume mjini bila kumgusa.

"Baba, hiyo si timu ya huku kwetu?" aliuliza binti yake, aliyekuwa amemletea chakula ofisini.

"Ndiyo. Lakini kanda ya kaskazini imebaki na timu kumi na moja, na namba witiri inaharibu ratiba. Kila wiki timu moja inakaa bure. Lazima moja ihamie huko."

"Kanda yetu ina timu nyingi tu. Wewe umeiona ile ya winga."

"Nimefuata kanuni."

Winga mwenyewe, mvaa jezi namba kumi na moja, alikuwa ameleta posa ya binti huyo miezi miwili nyuma. Mpanga ratiba hakuwa na ugomvi naye, ila aliiogopa barabara. Nchi ni kubwa, daraja la tatu halipandi ndege, na mume wa namna hiyo huwa mgeni nyumbani kwake. Binti alikuwa naye huyo mmoja, mboni ya jicho lake, na hakutaka aje azeeke akichungulia dirishani.

"Shangazi akimkubali je?"

Hapo baba alicheka. Shangazi huyo alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Katika ndoa za ukoo mzima, neno la mwisho lilikuwa lake.

"Akimkubali, mimi ni nani nikatae? Lakini atamkubalije mtu asiyemjua? Mwenyewe husema mtu humjui mpaka usafiri naye. Na huyo bwana, msimu huu, hana muda wa kuja kunywa chai kwa shangazi yako."

Ilikuwa kweli. Mechi kumi na moja za ugenini, kwenda siku mbili, kurudi siku mbili. Katibu wa klabu alikuja kulalamika mpaka sauti ikamkauka. Akaonyeshwa ramani, akaonyeshwa kanuni, akapewa maji ya kunywa, akaenda zake.

Ili kumbana winga vizuri zaidi, mpanga ratiba aliongeza kanuni nyingine: safari ikizidi kilomita mia tano, kamishna wa mechi apande basi moja na timu ngeni na aandike yote ayaonayo njiani. Makamishna walikuwa mahakimu wa zamani, walimu wastaafu, watu wasiobembelezeka. Walijulikana kwa namba tu. Ripoti zao zilipigwa chapa, na majina yao yalifungiwa kwenye kabati la katibu mkuu, ili mpanga ratiba asije akapendelea mtu. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe na aliuonea fahari.

Kwa timu ya winga alimteua Namba Kumi na Saba. Kamishna huyo alishawahi kusababisha kocha mmoja afungiwe miezi mitatu kwa kumtukana mshika kibendera, tena kwa kunong'ona. Akamwandikia: "Mwangalie sana jezi namba kumi na moja. Usimfumbie macho."

Ripoti zikaanza kuingia.

"Basi lilikwama kwenye tope. Namba kumi na moja alishuka wa kwanza kusukuma, akapanda wa mwisho."

"Tumpe muda," alisema mpanga ratiba. "Mnafiki hachoki mapema."

"Alikiri kwa mwamuzi kwamba alifunga kwa mkono. Bao likafutwa. Wenzake walimnunia njia nzima."

"Mjinga huyu," alisema, ingawa ripoti hiyo aliisoma mara mbili.

Ripoti ya saba ndiyo iliyomfurahisha. "Anakoroma." Akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu kabla hajafika sentensi iliyofuata: "Si neno. Nimewahi kuishi na mkoromaji mbaya kuliko huyu."

Wiki hiyo alimpigia dada yake simu mara tatu bila kupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Mgongo unaniuma," dada alisema.

"Umri huo, dada. Kaa kitako upumzike."

"Nimekaa mno, ndiyo maana unauma."

"Basi toka kidogo, tembea, upate hewa."

Dada alisema atalifikiria.

Msimu ukaisha. Timu ya winga ilishika nafasi ya tatu, haikupanda daraja. Binti hakulitaja tena jina la kijana, na baba yake akajihesabia ushindi wa mezani. Jambo moja tu lilimtatiza: siku hizi binti alikuwa akiimba akiosha vyombo.

Ripoti ya kumi na moja, ya mwisho, ilifika Jumatatu asubuhi. Hii haikupigwa chapa. Mpanga ratiba aliziona herufi zile zilizosimama wima, akazitambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

"Ukamishna nauacha leo, kwa sababu sasa nina upande. Nimesafiri na namba kumi na moja safari zote ulizompangia, na nimemjua. Wazee wake watafika kwako Jumamosi saa nne. Hiyo ni mechi ya nyumbani, usijaribu kuiahirisha. Mgongo bado unauma, kwa sababu ya kanuni yako mwenyewe ya basi. Dada yako."