Mgeni wa Shida

Mektrida alikataa chai kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu yule binti akatabasamu na kuisogeza tena.

"Usione haya, mama. Kunywa hata nusu kikombe."

Aliitwa Shida. Alikuwa amejitambulisha mlangoni baada ya shikamoo ya adabu zote: mzaliwa wa Moshi mjini. Kwao, alieleza mwenyewe, mgeni hukataa kwanza, na mwenyeji humbembeleza mpaka akubali. Mektrida alimsikiliza huku akimtazama kama tope lililoganda kwenye kiatu. Kwao Mwika mgeni haulizwi, anawekewa. Kuulizauliza ni kazi ya watu wanaoomba ukatae.

Shida akaleta mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Mektrida akasukuma bakuli kwa kidole kimoja.

"Nimeshiba."

Binti hakununa. Aliketi akaanza kusimulia, kana kwamba ameulizwa: kwamba Wense angerudi kutoka kazini muda si mrefu, kwamba hapa Rau pametulia kuliko kwao, kwamba Wense ameahidi kubadilisha mapazia. Wense! Kwa Mektrida alikuwa Wenseslaus, jina zima, kama alivyobatizwa.

Akazitazama kucha zile nyekundu, kucha za mtu asiyewahi kulima hata tuta moja. Akautazama na upole wake, upole wa mtu asiyejua lolote. Huo ndio uliomchefua zaidi.

"Au wewe ndiye shangazi yake?" Shida aliuliza. "Aliniambia ana shangazi huko mlimani."

"Mimi ni mtu wake wa karibu."

"Basi ndiyo ule kabisa. Akikukuta na njaa atanigombeza."

Mektrida hakugusa kijiko.

Nje, geti likagongwa. Shida akainuka haraka, akijifunga kanga vizuri, kisha akageuka.

"Nimwambie amekuja nani?"

"Kaa," Mektrida alisema, akasimama yeye. "Namfungulia mwenyewe. Miezi minne nilikuwa Mwika namuuguza mama, na mume wangu hajui kama nimerudi." Akalirudisha bakuli la mtori mbele ya binti. "Wewe kula kwanza. Kwangu mgeni haondoki na njaa."