Wasome Vibaya

"Waambie wasome vibaya," Mwalimu Mkuu alisema, kisha akainuka kwenda kufunga mlango.

Mwalimu wa kusoma alidhani hakusikia sawasawa. Alikuwa binti mdogo, bado mgeni kazini, vidole vyeupe kwa chaki.

"Vibaya vipi, mama?"

"Wakwame. Waruke maneno. Wakishindwa kabisa, bora zaidi." Mwalimu Mkuu hakumtazama usoni. "Afisa wa wilaya anakuja kesho. Akikuta wanasoma kama maji, atasema shule hii imeshapona, haihitaji dawa tena. Mwaka jana si ndivyo walivyowafanyia jirani zetu wa ng'ambo ya barabara? Walifaulu, wakapigiwa makofi, wakapokonywa kila kitu."

Kila kitu maana yake ilikuwa mradi wa serikali wa kuinua usomaji: maziwa ya asubuhi, makabati ya vitabu, na mshahara wa binti huyu mwenyewe. Kabla ya mradi, nusu ya madawati yalikaa matupu, na waliokuja walilala juu yake kwa njaa. Sasa darasa lilijaa. Siku ya wazazi, watoto walisoma kitabu cha mradi, kile kile cha kila asubuhi, toka jalada hadi jalada, kwa sauti moja. Msichana mmoja, ambaye wenzake walimwita Kasuku, alisoma peke yake ukurasa baada ya ukurasa, mpaka bibi yake akajifuta machozi. Mwalimu Mkuu naye siku hiyo alisingizia vumbi.

"Sipendi," aliendelea. "Maisha yangu yote nimewafundisha watu kusema kweli. Lakini watoto hawa wakikosa maziwa hawatakuja. Nawajua. Nimewafundisha mama zao."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, mradi utaondoka, nawe utafungasha virago, na mimi nitabaki na madawati matupu. Siwezi kukulazimisha, mwanangu. Nakuomba tu."

Binti aliinamisha kichwa taratibu, kama aliyekubali, akatoka.

Afisa alifika asubuhi, mtu mpole, shati limenyooka. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani, na darasa likacheka. Akatoa mkobani kitabu chake mwenyewe, kipya, hadithi ya mbuzi aliyepotea sokoni. Kasuku ndiye aliyeitwa kwanza.

Kasuku alitazama picha. "Mbuzi," akasema.

Afisa akangoja. Kidole cha mtoto kilisogea chini ya neno la pili, kikabaki hapo hapo. Midomo ikacheza bila sauti. Akamgeukia mwalimu wake, akageukia dirisha, kisha chozi likadondoka juu ya ukurasa.

Mwalimu Mkuu, aliyesimama nyuma ya darasa, aligeuza uso. Huyu angefaa kuwa mwigizaji, aliwaza, na papo hapo akajichukia kwa kuwaza hivyo.

Aliyefuata alisoma "soko" kama "soka", akaendelea na hadithi yake mwenyewe ya mbuzi golikipa. Hata afisa alitabasamu. Wa tatu alifumba mdomo, asiufumbue tena. Safu nzima ikapita hivyo. Mwalimu wa kusoma alikuwa ameegemea ukuta, uso umempauka, kama mtu anayengoja hukumu. Mwalimu Mkuu alitamani kwenda kumshika mkono. Dhambi waliifanya, lakini maziwa yangebaki.

Ofisini, afisa hakutaka kukaa.

"Pole sana, mama."

"Ndiyo hali yetu," Mwalimu Mkuu alijibu, kama alivyojizoeza. "Umejionea mwenyewe. Bado tunahitaji msaada."

"Nimeona. Ndiyo maana nasikitika." Afisa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Fungu la serikali limepunguzwa mwaka huu, na wilaya imebadili utaratibu. Mradi utabaki pale ulipoleta mabadiliko. Pasipo na mabadiliko, tunauhamisha. Nilitamani sana watoto wako wasome hata ukurasa mmoja. Hata nusu. Ningewapigania."

Mwalimu Mkuu alimwahi mlangoni.

"Usiondoke. Rudi darasani. Watasoma."

"Mama, nimewasikiliza."

"Hukuwasikia. Bado hujawasikia kabisa." Alijiwekea mkono kifuani. "Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeagiza wasome vibaya. Tuliogopa tukifaulu mtatunyang'anya mradi, kama mlivyofanya kwa jirani. Niandikie barua ya onyo, nifukuze kazi ukitaka. Lakini wale watoto wanajua kusoma. Nimewasikia kwa masikio yangu."

Afisa alivaa tena miwani. Kisha akaweka mkoba wake juu ya kiti.

"Haya," akasema. "Waandae. Nakuja kuwasikiliza upya."

Mwalimu Mkuu alitoka mbio. Hakuwa amekimbia kwa miaka, na viatu vyake viligonga sakafu ya varanda mpaka watoto wakachungulia madirishani. Mwalimu wa kusoma alikuwa nje ya mlango wa darasa, peke yake, amejikunyata.

"Haraka, mwanangu," Mwalimu Mkuu alimshika mabega, akihema na kucheka kwa pamoja. "Amekubali. Waambie yale ya jana yamekwisha. Waambie sasa wasome vizuri."

Binti aliinua uso uliolowa machozi.

"Mama," alisema, "mimi sikuwaambia kitu."