Uyoga wa Wageni

Mokeira alimkanyaga bintiye mguu, na Jacktone akaona.

Alijifanya anatazama kuku waliokuwa wakipekua majivu nyuma ya jikoni, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa wale wawili. Linet alikuwa tu ameuliza, "Lakini mama, uyoga huu si unanukia kama unga mpya wa mahindi?" Hapo ndipo alipokanyagwa.

"Unanuka panya aliyeoza," Mokeira alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Wewe una mafua."

Uyoga wenyewe ulikuwa kwenye ungo kati yao, mdogomdogo, rangi ya chai ya maziwa, kofia zake hazizidi kifungo cha koti. Mvua ilikuwa imeuotesha kando ya kichuguu, shambani kwao karibu na Oyugis. Mokeira aliokota mmoja, akaupindua, akatazama mikunjo iliyo chini ya kofia, akavunja bua na kulinusa. Akalinusa tena, macho ameyafumba. Kijiji kizima kilijua kwamba mwanamke huyu aliyeolewa kutoka Kisii hakosei uyoga. Akisema ni mzuri, watu wanabeba vikapu. Akikunja uso, wanatupa.

"Shemeji, huu usiguse," akamwambia Jacktone. "Ni sumu."

"Nani, mimi? Obuolo hata sipendi."

Uongo mtupu; uyoga aliupenda sana. Jacktone, mdogo wa mume wake, alikuwa mtu wa kufuata moshi. Jiko la Mokeira likiwaka tu, alikumbuka ghafla jambo la kuja kumuuliza. Na kesho yake, Jumapili, wageni walikuwa wanakuja kutoka Sindo, wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa Linet. Mokeira alikuwa amewaahidi mboga ya uyoga, maana watu wa ziwani utawapikia samaki gani wasiyemjua?

Kisha Mokeira akafanya jambo la ajabu. Uyoga mwingi aliuingiza jikoni, akaufunika vizuri kwa sinia. Uliobaki akauacha kwenye ungo palepale nje.

"Huu nitautupa chooni nikirudi," alisema, akachukua mtungi, akaondoka na Linet kwenda kisimani.

Jacktone alibaki akitabasamu peke yake. Mtu gani anafunika sumu kwa sinia?

Aliukaanga kwake kwa kitunguu na nyanya, akamwagia maziwa kidogo, akaula na ugali hadi akaifuta sahani kwa kidole. Haki ya Mungu, ulikuwa mtamu. Na utamu wenyewe haukuwa wa uyoga tu. Ulikuwa pia wa kumshinda Mokeira, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa ujanja.

Waliporudi, ungo ulikuwa mtupu. Linet alikasirika karibu alie.

"Ni baba mdogo! Mama, ngoja nikamwambie!"

"Mwache," alisema Mokeira, akakaa chini kuchambua mchele.

Asubuhi Jacktone hakuweza kuvumilia. Alifika kabla ya ibada, amevaa shati lake la kanisani, na kicheko kimemjaa mdomoni.

"Oyawore, shemeji! Ile sumu yako, kwa kweli, ni tamu."

Alingoja matusi. Mokeira hakutukana. Alifuta mikono kwa leso, akamsogelea, akamtazama jicho moja, kisha la pili.

"Uliula wote?"

"Hata mchuzi sikuacha."

"Ukalala?"

"Kama mtoto mchanga."

"Tumbo?"

"Linauliza kama kuna mwingine."

"Toa ulimi."

Jacktone akautoa, akicheka. Mokeira akauchunguza vile daktari anavyochunguza.

"Hukutapika? Hata kuhara kidogo?"

"Shemeji, kubali tu umeshindwa! Ulijua tangu jana uyoga ule ni mzuri. Ulikuwa unaninyima."

"Ule?" Mokeira alisema. "Ule sijawahi kuuona tangu nizaliwe."

Kisha akageukia jikoni.

"Linet! Bandika sufuria. Baba mdogo ameamka mzima."