Mkanada wa Natta

Kabla ya kumpigia mama yake, Erasto alivaa jaketi zito, akaingia kwenye chumba cha baridi na kumwomba Waisiko amsogezee mbuzi pembeni.

Waisiko, mpishi wa kambi ya watalii pale Natta, aliwasukuma mbuzi wawili waliochunwa hadi kwenye kona ambayo kamera ya simu isingeifikia. Mara ya mwisho mguu mmoja ulionekana nyuma ya bega la Erasto, na mama akauliza kama huko Kanada watu wanalala na nyama. Erasto alijibu kwamba yuko dukani.

"Mlango uache wazi kidogo," Erasto alisema. "Kanada haina mtandao."

Alikuwa fundi wa majokofu, tena fundi kweli. Kampuni moja ya Kanada ilikuwa imekubali kumwajiri, akatuma maombi ya kibali, na rafiki yake akamhakikishia kwamba mambo hayo siku hizi hayachukui muda. Kosa lake lilikuwa kumwambia baba yake mdogo, Nchagwa. Habari zilienea kijiji chao kizima cha Kenyamonta kabla hajamaliza chai. Ng'ombe alichinjwa, kwaya ikaimba, shangazi zake wakamvalisha jaketi. Kila aliyesimama kuongea alimwomba asiwasahau, na Erasto, akitokwa jasho ndani ya jaketi juani, aliahidi kwamba hatawasahau.

Kisha ikawa kimya. Kila alipofungua mtandao alikuta maneno yale yale: maombi yako yanashughulikiwa. Msimu wa kupanda ulimkuta nyumbani, na wa kuvuna pia. Alianza kwenda sokoni kwa kupita nyuma ya mashamba, maana kila aliyekutana naye barabarani alimuuliza, "Bado upo?" Hata mchungaji alimuuliza, tena baada ya kumwombea. Mwisho Erasto aliwaambia kibali kimetoka, akafunga begi, akasindikizwa kituoni na nusu ya kijiji. Alishuka Natta, wilaya ile ile, ambako kambi ilikuwa inatafuta fundi wa majokofu.

"Safari yenyewe ilikuwa nyepesi," alikuwa akimwambia Waisiko. "Na pasipoti hakuna aliyeiulizia."

Alikusudia kujificha kwa muda mfupi tu. Kibali kingetoka kweli, naye angeondoka kimyakimya, na uongo wake ungegeuka ukweli bila mtu kujua. Alitoa laini kwenye simu, akabaki na WhatsApp kwa mtandao wa kambi, kama wafanyavyo watu walioko nje. Lakini mwaka ukaisha yuko pale pale. Asubuhi ya Natta alimwambia mama ni usiku. Tembo walipolia ng'ambo ya uzio, alisema ni treni. Basi la kutoka Mugumu, ambalo watu wa kwao walilipanda, likisimama getini, alijibanza nyuma ya jenereta hadi liondoke. Waisiko alimwita Mkanada, wafanyakazi wengine wakafuata, na meneja, ambaye hakuambiwa chochote, alidhani ni jina la ukoo.

Siku hiyo, hata hivyo, hakuingia mle ndani kwa mzaha. Walipoongea mara ya mwisho, mama alimwambia kwamba usiku hapati usingizi akifikiria baridi ile, na blanketi lake amelikunja kando kwa sababu anaona vibaya kujifunika wakati mwanawe anatetemeka. Maneno hayo yalikataa kumtoka Erasto moyoni. Alimwambia Waisiko kwamba leo ndiyo mwisho. Angeanza kama kawaida asimshtue mama, kisha angevua jaketi mbele yake na kumweleza ukweli, na Jumapili angepanda basi kwenda nyumbani akachekwe.

"Watakucheka sana," Waisiko alisema.

"Najua. Mimi mwenyewe nimeshaanza."

Akapiga. Mama yake, Mokami, alitokea kwenye simu ya Nyangi, dada yake Erasto, akiwa amekaa nje ya nyumba. Erasto alimwamkia, na mvuke ukamtoka mdomoni kama moshi. Siku nyingine mama angeuona mvuke ule machozi yakamlengalenga, lakini leo alikuwa anatabasamu.

"Mama, nina jambo nataka kukuambia," Erasto alisema, akishika zipu ya jaketi.

"Ngoja kwanza, mura wangu. Langu ni kubwa."

Akaeleza kwamba juzi gari jeupe liliingia hapo nyumbani na watu wawili nadhifu, mwanamume na mwanamke, wakamtaja Erasto kwa majina yake yote matatu. Walisema wamempigia simu kwa muda mrefu hapatikani, ndipo wakaamua kuifuata anwani yake. Nyangi alitaka awatafutie Erasto kwenye WhatsApp, lakini mama alimkataza. Aliona haya kumsumbua mtu kazini ilhali mwenye kumjua zaidi, yeye aliyemzaa, amekaa hapo hapo.

Mkono wa Erasto ulibaki kwenye zipu. "Walikuwa nani, mama?"

"Watu wa ubalozi. Walisema wamebakiza kuhakikisha habari zako tu, halafu kibali chako kitoke. Nikacheka, nikawaambia wamechelewa, wewe uko Kanada tangu mwaka jana na kazi unafanya. Hawakuamini, mpaka Nyangi akawaonyesha zile video anazokurekodi ukipiga, wakakuona mwenyewe na baridi yako."

Mama alisogea karibu na simu, uso wake ukajaa kioo chote.

"Waliandika kila kitu, mwanangu. Wakanishukuru sana, wakasema basi faili lako wanalifunga."