Kwa Ajili ya Mtoto

Joka lilikuwa ndiyo kwanza limekata mnyororo, na sura zimebaki tatu, siku za kukaa na kitabu zilipokwisha.

"Hakirudi," alisema fundi viatu, misumari mdomoni.

Mkewe akamkumbusha kwamba maktaba iliwapa wiki mbili tu. Akamkumbusha pia nani alisema, siku ya kwanza, kuwa mtu mzima kuhangaika na kisa cha msichana anayefuga joka kwenye tanki la maji ni kukosa kazi.

"Mimi sijisemei. Mtoto ndiye atakayeumia."

Haya, mtoto. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mke alijiegemeza kitandani akasoma kwa sauti, na mume akagonga soli pembeni akijifanya hasikii. Joka likinguruma, mtoto alirusha mateke. Msichana akilia, mtoto alitulia tuli. Jioni moja mke alinyamaza katikati ya sentensi, kwa uchokozi tu, na nyundo ikatua kwenye kidole gumba cha mume.

"Endelea, mama watoto," alisema, kidole mdomoni. "Unamkatiza mtoto."

Basi siku zilipokwisha, kesho yake asubuhi mke alikwenda maktaba, kitabu amekikumbatia kama mtu anayekwenda kuagana na ndugu. Kaunta ya chumba cha watoto ilikuwa ya juu, ilimfikia kifuani. Nyuma ya kaunta alikaa mkutubi, miwani puani, marundo ya vitabu kulia na kushoto.

Mke aliomba aongezewe siku tatu tu.

Mkutubi akaitazama kadi. Kitabu hicho kinagombewa, alisema, na wanaokigombea wala si watoto. Watu wazima wanawasingizia watoto. Juzi tu kuna mzee na ndevu zake amekutwa kajibanza nyuma ya rafu, anacheka peke yake hadi machozi. Kwa hiyo sasa hakuna kuongezewa siku mpaka mtoto mwenyewe aonekane.

"Wako ana miaka mingapi?"

"Bado mdogo."

"Yuko darasa la ngapi?"

"Hajaanza shule."

"Hajaanza shule. Na kitabu kina kurasa mia nne."

"Namsomea, dada. Ana masikio huyo, we acha tu. Baba yake akikohoa, anageuka."

Mkutubi akavua miwani, akaifuta taratibu. Ilionekana ameshasikia mengi kwenye kiti kile.

"Kama huyo mtoto yupo kweli, si ungekuja naye?"

"Nimekuja naye."

Mkutubi akanyoosha shingo. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akatazama mpaka mlangoni. Hakuona hata kisogo cha mtoto. Akaweka mkono juu ya kitabu, akaanza kukivuta upande wake.

Mke wa fundi viatu hakukiachia. Sura tatu. Angemwambia nini yule wa nyumbani na nyundo yake?

"Basi asogee," alisema mkutubi. "Nimwone."

Mke wa fundi akashika kiuno, akaizunguka kaunta polepole, akasimama mbele ya mkutubi. Kisha akakilaza kitabu wazi juu ya tumbo lake la miezi minane, akasoma mstari mmoja tu, ule ambao joka linanguruma.

Kitabu kikaruka.